Unatafuna Nini Usiku?

Daktari Anyiko alizima taa ya kipajini,
akashusha barakoa hadi kidevuni,
akaniuliza kama aulizwavyo mtoto sukari ikipungua:
"Mama, usiku unatafuna nini?"

Nilikuwa nimeleta jino moja tu, la chini, kushoto,
lililopasuka nikila githeri ya jana,
githeri laini, iliyopashwa, isiyo na hatia.
Akanipa kioo. Meno yangu yote yamekatwa sawasawa
kama ua wa michongoma mbele ya ofisi ya chifu.

Sitafuni kitu, nikasema. Nalala fofofo.
Tirop angekuwepo angecheka:
mwaka wa sita huu anadai
tumepanga chumba na kinu cha posho.

Kinga ya plastiki, ya kuvaa usiku: elfu kumi na mbili.
Usiku huo nikasaga ile bei.

Kesho yake nikaanza kujifuata mjini
kama askari kanzu nyuma ya mshukiwa.
Pale Bondeni bega la kulia lilikuwa limepanda,
limekaribia sikio, na sikuwa nimebeba mkoba.
Nikalishusha. Kufika Barabara ya Kenyatta
limerudi juu, kimya, kama paka na meza.
Simu ikatetemeka. Nilibana pumzi hadi nikaisoma:
kampuni inapenda kunikopesha shilingi mia mbili.

Ghalani nahesabu mbolea mara tatu.
Mara ya kwanza ni kazi. Ya pili, niseme, ni uangalifu.
Ya tatu ni ya Bwana Gichohi,
mwaka ule magunia kumi na moja yalipokosekana
naye akanitazama, hakusema neno, akanitazama tu.
Yalipatikana Molo, dereva akakiri, tukapatanishwa kwa chai.
Lile jicho halikuja kunywa chai.
Hadi leo ndilo linaloshika kalamu.

Na nikifua, najibu kesi isiyo na mlalamikaji.
Naleta mashahidi. Nashinda.
Kisha nakata rufaa, povu likinikaukia mikononi.

"Midomo ikutane, meno yaachane,"
ndiyo dawa ya bure aliyonipa daktari.
Nikaiandika nyuma ya risiti, nikaibandika kwenye sanduku la pesa.
Ikafika saa tano nina wasiwasi mpya:
je, nalegea ipasavyo?

Mama alichuma pareto kule Mau Summit
ameuma pindo la leso tangu alfajiri,
akituambia asiyewaza huingiliwa na nyoka nyumbani.
Alipokufa ng'ombe walikwenda kwa kaka zangu.
Mimi nilidhani sikuachiwa kitu.

Tirop huchimba visima vya mvuke Menengai.
"Hata mlima," akasema, akivua viatu vya kazi,
"tumeutoboa, ukapumua. Sembuse wewe?"
Nikacheka, kweli nikacheka, tumbo likaachia.
Kisha: "Umefunga mlango?"
"Nimefunga."
Nikaenda kuangalia.

Mezani Jelagat alikuwa na hesabu za sehemu,
penseli imetafunwa hadi ikaota nyuzi,
mabega yote mawili yamegota masikioni.
"Nani amekufundisha kukaa hivyo?"
Hakuinua macho. "Kukaaje?"

Nikafungua mdomo nijibu.
Taya likalia: ka.